Maumivu Hayakuja na Simu: Vihatarishi vya Kujidhuru kwa Vijana



Mada niliyopewa ni vihatarishi vya kujidhuru kwa vijana. Kwa desturi ya mihadhara ya namna hii, ningeanza na takwimu za dunia, kisha ningewaonyesha mchoro wenye visanduku na mishale. Leo nitaiacha desturi hiyo. Kuna hoja moja inayotembea nchini mwetu Tanzania kwa kujiamini sana, na isipojibiwa, kila mchoro nitakaouchora utakuwa kazi bure. Mara ya mwisho niliisikia kwenye kongamano la kitaaluma, kutoka kwa msomi mwenzetu ninayemheshimu. Alisema, na ukumbi ukampigia makofi, kwamba Mwafrika hakujua kujidhuru. Kwamba tabia hii imeingia na simu janja na tamthilia za ng'ambo. Na kwamba dawa yake ni kuwanyang'anya vijana simu na kurudisha kiboko mahali pake. Mwenyekiti alinipa nafasi fupi ya kumjibu. Leo nimepewa ukumbi mzima, na nitautumia.

Yale ambayo wenzangu wa afya ya jamii wanayafahamu nitayapitia mbio. Kwa kujidhuru ninamaanisha kitendo cha mtu kujiumiza kwa makusudi, iwe alitaka kufa, iwe alitaka maumivu ya moyo yapoe kidogo, au iwe mwenyewe hawezi kusema alitaka nini. Hivyo ndivyo mtafiti Keith Hawton na wenzake wa Oxford wanavyokihesabu kitendo hiki, na ninawafuata, kwa sababu nia ya kijana hubadilika hata ndani ya usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, hiki ni chanzo cha tatu cha vifo, na karibu robo tatu ya vifo vyote vya aina hii hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Wanaojidhuru na kubaki hai ni wengi zaidi mara nyingi, na walio wengi kati yao hawafiki hospitali kamwe. Hayo yanatosha kwa utangulizi.

Hoja ya ugeni na mwenyewe

Hoja kwamba Mwafrika hajui kujidhuru ina umri wa zaidi ya miaka sabini, na ina mwenyewe. Anaitwa J. C. Carothers. Alifika Kenya mwaka 1929 kama daktari wa serikali ya kikoloni, na mwaka 1938 akakabidhiwa Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ingawa mafunzo yake ya magonjwa ya akili yalikuwa haba. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, *The African Mind in Health and Disease*. Humo alidai kwamba sonona, ile hali ya mtu kuelemewa na huzuni na kujilaumu, ni nadra sana kwa Waafrika. Alifika mahali pa kufananisha akili ya Mwafrika wa kawaida na akili ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mtu asiye na uwezo wa kujilaumu atajidhuru kwa lipi? Hapo ndipo hoja ya ugeni ilipozaliwa. Mwenzetu wa kwenye kongamano angeshtuka kuambiwa kwamba anarudia maneno ya afisa wa kikoloni aliyetudharau. Ameyavika kanzu ya fahari ya utamaduni wetu, lakini mwili ulio ndani ya kanzu ni uleule.

Tazameni Carothers alivyofika alikofika. Alihesabu waliolazwa Mathari. Sasa jiulizeni ni nani aliyepelekwa Mathari katika miaka ile. Ni aliyezua vurugu sokoni, aliyempiga jirani, aliyemkabili karani wa bwana shauri na panga. Hao waliwasumbua watawala, wakakamatwa, wakaletwa. Msichana aliyekaa nyuma ya nyumba bila kula, asiyezungumza na mtu, akiwaza kuondoka duniani, hakumsumbua mtawala yeyote. Hakuna askari aliyetumwa kumchukua. Carothers hakumwona, akaandika kwamba hayupo.

Waliokuja baadaye walitoka nje ya kuta za hospitali. Mwaka 1963 Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria, akishirikiana na Alexander Leighton, alichapisha utafiti uliofanywa miongoni mwa Wayoruba vijijini na mjini, na dalili za sonona zikaonekana waziwazi. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya vijiji viwili vya Uganda. Walitumia vipimo vilevile vilivyotumika kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London, wakakuta sonona vijijini Uganda ni nyingi kuliko kule London. Waliwakuta watu hao kwa sababu walibisha hodi.

Kuhusu kujiua kwenyewe, ushahidi ni wa zamani zaidi. Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Paul Bohannan alihariri kitabu *African Homicide and Suicide*. Zimo sura kuhusu Wasoga na Wagisu wa Uganda, na kuhusu Wajaluo na Waluhya wa Kenya, zilizoandikwa kwa kutumia kumbukumbu za mahakama na za uchunguzi wa vifo. Ugomvi wa ndoa, aibu, ugonjwa, kufiwa, kutengwa na ndugu: sababu zinazosomeka mle ni zile tunazozisikia leo wodini. Mwaka 1997 Ndosi na Waziri walichapisha katika jarida la *Social Science & Medicine* uchunguzi wao juu ya watu waliojidhuru bila kufa jijini Dar es Salaam. Mwaka 2006 wanafunzi wa jiji hilohilo walijazishwa dodoso la afya la Shirika la Afya Duniani, lenye swali la wazi kama mwanafunzi amewahi kufikiria kwa dhati kujiua, na wapo waliojibu ndiyo. Simu ya kwanza ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani mwaka 2007. Kwa hiyo kitabu cha Bohannan kiliitangulia kwa miaka 47, utafiti wa Ndosi na Waziri kwa miaka kumi, na dodoso la wanafunzi kwa mwaka mmoja. Anayedai kwamba simu ndiyo iliyoyaleta haya atueleze ililetaje kabla haijafika.

Kwa nini wazee wetu "hawakuona"

Najua jibu linalofuata: "Profesa, mimi nimekulia kijijini, sikuwahi kusikia mtoto aliyejidhuru." Ninaamini kwamba hawakusikia. Nitaeleza kwa nini.

Nilipokuwa daktari wa mazoezi katika hospitali ya wilaya, tulipokea usiku mmoja binti wa kidato cha pili. Mjomba wake aliyemleta alisema amepata ajali. Mlangoni palikuwa na askari aliyekuja na fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya shauri jingine, na kila askari alipopita, mjomba alirudia kwa sauti kubwa neno "ajali". Muuguzi wa zamu, Sista aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu, alimwomba mjomba akanunue maji. Kisha akavuta kigoda, akakaa macho yake yakiwa usawa wa macho ya binti, akamuuliza: "Mwanangu, ulitaka kufa, au ulitaka wakuache upumzike?" Yule binti alizungumza mpaka adhana ya alfajiri. Kulikuwa na mtu nyumbani, kulikuwa na fimbo shuleni, na hakukuwa na mtu wa katikati. Asubuhi daftari la wodi liliandikwa "ajali", kwa sababu Sista aliogopa kwamba neno lingine lingempeleka mtoto kituoni badala ya kumpeleka kliniki.

Hofu yake ilikuwa na msingi wa kisheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 ya sheria zetu, kinamtaja anayejaribu kujiua kuwa ametenda kosa. Kenya walikuwa na kifungu cha 226 chenye maana hiyohiyo, mpaka Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka tarehe 9 Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Bunge la Ghana lilishafuta kosa hilo mwaka 2023. Mahali ambapo familia inajua kwamba neno la kweli linaweza kuleta askari, familia itasema "ameteleza", "amekula kitu kibaya", "amerogwa". Ongezeni hofu ya mazishi: kama shekhe au padri atakubali kusimama, kama mahari ya dada zake itapungua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tumeweka sheria na desturi zinazomfundisha kila mzazi kuficha.

Kwa hiyo ukimya wa madaftari ya zamani si ushahidi wa afya njema. Carothers alihesabu walioletwa hospitali, na mwenzetu wa kwenye kongamano anahesabu waliosimuliwa kijijini. Kosa ni moja.

Simu ina sehemu yake

Nisieleweke kwamba ninaitakasa simu. Mwaka 2022 mchunguzi wa vifo jijini London alihitimisha kwamba yaliyomo kwenye mitandao ya kijamii yalichangia kifo cha msichana wa miaka 14, baada ya kuonyeshwa jinsi programu zilivyomletea picha na maneno ya kujidhuru ambayo mengine hakuyatafuta. Uonevu wa mtandaoni ni uonevu, tena humfuata mtoto hadi kitandani. Kuiga nako kupo: ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limewaandalia waandishi wa habari mwongozo wa kuripoti vifo hivi bila kueleza njia iliyotumika na bila kuvipamba. Mzazi anayejua mwanawe anatazama nini anafanya kazi njema, na kampuni zinazopata faida kwa kumshikilia mtoto mbele ya kioo zinapaswa kubanwa na sheria.

Lakini angalieni nguvu ya hoja inaishia wapi. Darasa moja lina wanafunzi hamsini wenye simu, na wanaotazama video zilezile. Mmoja anajidhuru. Simu haiwezi kutueleza kwa nini ni huyu na si yule, kwa kuwa wote wanayo. Kinachowatenganisha ni yale waliyoingia nayo kwenye simu: aliyefiwa na mama, anayeonewa na wenzake, mwenye sonona isiyotibiwa, aliyefanyiwa ukatili na mtu wa nyumbani, anayelala njaa, aliyeanza kunywa pombe akiwa na miaka kumi na mitatu. Simu inaweza kulikuza jeraha, hata kuliambukiza vijidudu vipya. Ninachokataa ni kumsaka mwenye kisu ndani ya simu wakati yuko sebuleni.

Wapo pia wanaosema kijana anayejidhuru anatafuta kiki. Kwa hao nina maneno machache. Utafiti wa nchi nyingi unaonyesha kwamba sababu ambayo vijana huitaja zaidi ni kutaka kutuliza hisia zisizobebeka, na kwamba wengi huficha alama zao hata kwa marafiki. Kama mtoto amefika mahali pa kuumiza mwili wake ili aonwe, basi swali la kuuliza ni kwa nini njia nyingine zote za kuonwa zilikuwa zimefungwa. Kuhitaji kuonwa si kosa la jinai, na mtoto mchanga huishi kwa hilo.

Vihatarishi si utabiri

Nikishaibomoa hoja ya ugeni, ninawajibika kuonya dhidi ya kosa la upande wa pili, lile la wataalamu. Tunapenda orodha. Tunaorodhesha sonona, ukatili, upweke, pombe, historia ya kujidhuru katika familia, kushindwa mtihani, tunagawa alama, tunataka mwalimu ajaze fomu ili mtoto wa alama saba awekwe kwenye kundi la hatari na wa alama tatu arudishwe darasani. Mwaka 2017 Joseph Franklin na wenzake walikusanya tafiti 365 zilizofanywa katika miaka hamsini, wakapima jinsi vihatarishi vinavyotabiri mawazo na vitendo vya kujiua. Uwezo wa kutabiri ulizidi kidogo tu ule wa kurusha sarafu, na katika nusu karne haukuwa umeongezeka. Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayowaandikia madaktari wa huko miongozo, iliwaambia wasitumie vipimo vya alama kutabiri nani atajidhuru tena, wala kuamua nani atibiwe na nani arudishwe nyumbani.

Vihatarishi basi vina kazi gani? Vinatueleza habari za umati, na mtu mmoja hubaki kuwa wa kuulizwa mwenyewe. Vinatuambia serikali ipeleke nguvu wapi, shule ibadilishe nini, bajeti iende kwa nani. Mtu mmoja mmoja tumsikilize kwa shida zake, usalama wake na watu alionao, bila kujali alama zake ni ngapi. Binti yule wa wodini angepata alama ndogo kwenye fomu yoyote: alikuwa wa tatu darasani, haumwi, hanywi, na husali.

Ripoti ambayo kila mzazi angepaswa kuisoma

Mkiniuliza ni maandishi gani yamenifundisha zaidi kuhusu jambo hili, sitataja kitabu cha saikolojia. Nitataja ripoti ya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, kazi ya UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na wenzetu wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Wanafunzi wangu wananijua kwa kuibeba. Kila mwaka ninawapa waisome kabla hawajafungua kitabu kingine chochote, tena waanze na sura ya mbinu kabla ya kufika kwenye takwimu.

Ninaipenda sura ile kwa sababu inaonyesha heshima. Waliohojiwa walikuwa vijana 3,739 wa miaka 13 hadi 24, bara na Zanzibar. Katika eneo lililochaguliwa walihojiwa ama wasichana peke yao ama wavulana peke yao, ili isitokee kwamba aliyefanyiwa ukatili na aliyeufanya wanaulizwa maswali yaleyale katika mtaa mmoja, na mmoja akajua mwenzake ameulizwa nini. Kila nyumba alichaguliwa kijana mmoja tu. Alizungumza faraghani na mhoji aliyefunzwa, na aliyehitaji msaada alielekezwa pa kuupata. Watafiti walijipanga kwanza wasimdhuru mtoto kwa swali lao, kisha ndipo wakauliza. Ningetamani kila ofisi ya umma inayowagusa watoto ingejipanga hivyo.

Nao vijana wakajibu. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walipigwa ngumi, mateke, viboko au kutishwa kwa silaha, na waliotajwa sana ni wazazi, ndugu na walimu. Robo walifanyiwa ukatili wa maneno na mtu mzima: kutukanwa, kuambiwa hawapendwi, kuambiwa ingekuwa heri wasingezaliwa. Kisha inakuja sehemu ambayo huwa ninawasomea wanafunzi wangu kwa sauti. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, takriban nusu tu walimwambia mtu yeyote, na wavulana waliosema ni wachache zaidi. Waliotafuta huduma, kwa upande wa wasichana, ni kama mmoja kati ya watano.

Wekeni takwimu hizo kando ya utafiti wa Shanta Dube na wenzake wa mwaka 2001, uliotumia watu wazima zaidi ya 17,000 wa San Diego, Marekani. Aliyepitia utotoni aina yoyote ya mateso waliyoyaorodhesha alikuwa na hatari ya kujaribu kujiua mara mbili hadi tano ya asiyepitia, na hatari ilipanda kadiri aina za mateso zilivyoongezeka. San Diego si Singida, ninakubali, na hadithi ya mtu mzima kuhusu utoto wake ina mapengo. Lakini uhusiano wa namna hii umeonekana nchi baada ya nchi. Tukiwa na kihatarishi kilichowagusa karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa mwaka 2009, tunawezaje kutumia makongamano yetu kujadili simu?

Kiboko

Hapa ninafika kwenye imani yangu, na ninaitaja kwa jina lake: ninaamini kwamba kiboko cha shuleni ni kihatarishi cha kujidhuru, na kwamba nchi hii haitapiga hatua ya maana mpaka ikiondoe. Kanuni za elimu za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu, na viandikwe kwenye daftari. Ninyi nyote mliosoma hapa nchini mnajua kinachotendeka. Daftari hilo wengi wenu hamjaliona, lakini fimbo mnaijua.

Wanaoitetea hunisomea methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Ninaiheshimu methali. Lakini inamtaka mzazi avumilie kilio cha mtoto anayekatazwa au anayenyimwa kitu. Haikutaja fimbo, na haikumpa mtu wa nje ruhusa ya kuumiza mwili wa mtoto mbele ya wenzake arobaini kwa kukosea hesabu.

Hoja zinazonipinga nitazipima kwa haki. Ya kwanza: Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Katiba yake ya mwaka 2010 inamkinga kila mtu dhidi ya adhabu ya kuumiza mwili, lakini vijana wake bado wanajidhuru. Ni kweli. Vilevile ni kweli kwamba marufuku ya karatasi haikuing'oa fimbo darasani kule, na kwamba hakuna kihatarishi kimoja kinachobeba jambo zima. Ya pili ni nzito zaidi. Wilayani Luwero, Uganda, shirika la Raising Voices lilipeleka mpango wa Shule Bora, na Karen Devries na wenzake wakaupima katika shule za msingi 42, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Ukatili wa walimu dhidi ya wanafunzi ulipungua kwa asilimia 42. Wanafunzi walijisikia salama zaidi shuleni. Ila vipimo vya afya ya akili havikuonyesha tofauti katika miezi 18 ya mpango huo. Ningekuwa mwanasiasa, hilo la mwisho ningeliruka.

Ninalitaja, na bado ninabaki palepale. Sababu yangu haihusu uchungu wa fimbo wenyewe, ambao huisha baada ya siku mbili. Inahusu kile fimbo inachomfundisha mtoto juu ya mwalimu. Binti anayefanyiwa ukatili nyumbani ana mlango mmoja uliobaki, nao ni mwalimu. Akishamwona mwalimu huyo ameshika fimbo, mlango umefungwa. Hatamwambia mwalimu wa malezi na unasihi kwamba hataki kuishi, ikiwa mwalimu huyohuyo ndiye wa zamu na ndiye anayechapa waliochelewa namba. Ile nusu ya wasichana wa mwaka 2009 ambayo haikumwambia mtu yeyote ilinyamazishwa na wengi, na ninaamini kiboko kilikuwa kati yao. Miezi 18 ni mifupi kwa imani iliyovunjwa tangu darasa la kwanza.

Kuuliza

Mara nyingi nikisema haya mwalimu mmoja hunyoosha mkono: "Nikimuuliza kama anafikiria kujidhuru, si nitakuwa nimempandikizia?" Swali hilo lilijibiwa mwaka 2005. Madelyn Gould na wenzake waligawa wanafunzi 2,342 wa sekondari katika jimbo la New York makundi mawili kwa bahati nasibu; kundi moja likaulizwa kuhusu kujiua, jingine halikuulizwa. Waliokuwa wameulizwa hawakupata dhiki zaidi wala mawazo hayo zaidi ya wenzao. Na kwa wale waliokuwa na sonona au waliowahi kujaribu, kuulizwa kulielekea kuwapunguzia. Ulizeni, kwa utulivu na faraghani, na mwe tayari kukaa mpaka jibu liishe.

Wala kazi hii haihitaji tungoje mpaka kila wilaya ipate daktari bingwa wa magonjwa ya akili. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, Dixon Chibanda amewafunza bibi wa mitaani kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kusikiliza watu. Utafiti wake uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa na mabibi hao walikuwa na dalili chache za sonona, na mawazo ya kujiua machache, kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kenya, Tom Osborn na wenzake wa taasisi ya Shamiri waliwafunza vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vya wanafunzi, na jaribio walilolichapisha mwaka 2021 lilionyesha sonona na wasiwasi vikipungua. Bibi tunao. Vijana waliomaliza shule wakisubiri ajira tunao.

Kwa hiyo ninaliomba Bunge lifute kifungu cha 217, ili mjomba aseme kweli mapokezi na Sista aandike kweli daftarini. Ninaiomba Wizara ya Afya iweke kujidhuru kama safu yake yenyewe katika takwimu za hospitali, pasipo jina la mtoto kufika kituo cha polisi. Ninaiomba wizara ya elimu iondoe kiboko katika kanuni zake, na imtenge mwalimu wa unasihi na kazi ya nidhamu kuanzia muhula ujao. Hili la mwisho halihitaji fedha. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja.

Kwenu vijana mliomo humu: kama kuna anayebeba jambo hili usiku wa leo, amwambie mtu mzima mmoja, na kama huyo hasikii, amwambie wa pili. Namba 116 hupigwa bure hapa Tanzania na Kenya, na anayepokea amefunzwa kuwasikiliza watoto na vijana. Kwenu wazazi na walimu: huyo mtu wa pili anaweza kuwa wewe, na mtoto hatakuja ikiwa mara ya mwisho alipokuambia ukweli ulimpiga.